Maji, ORS, glukosi, soda ama madafu: unywe gani mwili ukiishiwa na maji

Wacha nianze na kopo la glukosi. Ilikuwa mwezi wa pili, lile jua la Nairobi la kuchoma utosi, na mtoto wa jirani yangu hapa Umoja aliamka akiendesha, yaani akihara. Wa mwaka mmoja na nusu tu. Kufika saa sita alikuwa ameenda mara saba na mamake hangeweza kumwacha hata dakika moja, basi akanipa mia tano nikimbie duka la dawa. Nikauliza ORS, ile poda ya chumvi na sukari iliyopimwa, ya kukoroga na maji. Yule wa kaunta akaniambia, "Dada, ORS imeisha lakini chukua hii glukosi, ni kitu kimoja, tena ni tamu, mtoto atakunywa bila shida." Nikasema sawa daktari, nikalipa nikarudi mbio. Tukakoroga vijiko vinne vya kujaa kwa kikombe cha maji, mtoto akamaliza yote, na haikuisha saa moja akaanza kutoa maji matupu kuliko hata asubuhi.

Kuna nesi anakaa ghorofa ya nne. Alikuwa anatoka zamu, akapita kwa mlango akasikia mtoto analia, akachungulia, na kitu kilichomfanya aingie ndani ni kwamba kilio hakikuwa na machozi. Akashika ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaifinya, akaachilia, na ile ngozi ikabaki imesimama kama mkunjo wa shuka kabla irudi polepole. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Mama, mmempa nini?" Nikamwonyesha kopo. Akapanda kwake akarudi na pakiti mbili za ORS, akapima maji, akasema tunaanza sasa hivi na tunaendelea kumpa tukiwa njiani, kliniki lazima twende.

Kijiko kimoja, unangoja kidogo, kijiko kingine. Kliniki wakampima kilo wakahesabu mililita 75 kwa kila kilo, zinywewe kwa saa nne, na wakamwonyesha mama aendelee kunyonyesha katikati. Saa mbili usiku nepi ikalowa. Mamake alilia kwa ajili ya mkojo, na mimi pia.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusoma nyuma ya kila chupa na kila pakiti, kwa sababu hivi vinywaji tunavichukulia kama ndugu na wala si ndugu, kila kimoja kina mahali pake na kingine ukikikosea kinaongeza shida. Nimevipanga hapa chini vile ninavyovielewa, ili ukiwa umesimama mbele ya rafu usimamie kitu unachokijua.

Kwanza mwili wenyewe unafanya nini

Ukikanda unga wa chapati unajua vile inaenda: maji yakizidi unaongeza unga, unga ukizidi unadondoshea maji, mpaka donge likae. Damu yako iko hivyo mchana na usiku. Sodiamu, ile ya kwa chumvi, kwa mtu mzima mwenye afya inakaa kati ya milimoli (kipimo cha kuhesabu chembe) 135 na 145 kwa lita moja ya damu, iwe umekula mboga ya chumvi nyingi ama umefunga Ramadhani tangu alfajiri. Ni nafasi ndogo sana hiyo. Joto pia lina nafasi yake pale karibu na digrii 37, sukari ina yake, asidi ya damu ina yake. Mfaransa Claude Bernard aliliona hili katika karne ya 19, kwamba ndani ya mwili kuna mazingira yake ambayo yanatakiwa yatulie hata nje kukichafuka, halafu mwaka wa 1926 Mmarekani Walter Cannon akalipa jina ambalo bado linatumika, homeostasisi.

Sasa vile inafanyika. Chini ya ubongo kuna sehemu inaitwa haipothalamasi, na huko kuna seli ambazo kazi yake ni kuonja damu. Chumvi ikipanda kidogo tu, hata asilimia moja au mbili, zinapiga kengele mbili: moja inakuletea kiu, nyingine inatoa homoni inayoitwa vasopresini ambayo inaambia figo zirudishe maji ndani, ndio unaona mkojo unakuwa kidogo na wa njano iliyokolea. Maji yakizidi homoni inakatwa na mkojo unatoka mweupe kama maji ya mfereji. Figo zako zinachuja karibu lita 180 kwa siku, na damu yote mwilini ni kama lita tano tu, kwa hivyo ni kitu kile kile kinapitishwa tena na tena, na mwisho wa siku unaachilia labda lita moja na nusu ya mkojo. Kingine chote kimerudishwa. Kila nikikumbuka hiyo hesabu naheshimu figo zaidi.

Kwa hivyo mwili hauulizi tu "maji yako wapi", unauliza maji na chumvi, vyote viwili na kwa kipimo. Ukishika hiyo, kuchagua kinywaji kunakuwa rahisi: unaangalia nini kimetoka ndio ujue nini kirudi. Mtu akipumua na kukojoa kawaida anapoteza sana sana maji. Mtu akitoa jasho anapoteza maji mengi na chumvi kiasi. Mtu akiendesha ama kutapika anapoteza vyote, na kwa kasi ambayo figo haziwezi kuifukuzia, kwa sababu figo zinaweza kuzuia kilichobaki lakini haziwezi kutengeneza kilichokwisha kutoka.

ORS na glukosi, usichanganye hizi mbili

Hapa ndipo nataka nikae, kwa sababu hapa ndipo tulikosea.

Ukuta wa utumbo mdogo una mlango maalum ambao unapitisha glukosi na sodiamu zikiwa pamoja. Zikija mbili mlango unafunguka, zinaingia, na maji yanazifuata. Robert Crane ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka wa 1960. Na kitu cha ajabu, hata mtu akiwa na kipindupindu, akitoa maji kama bomba lililopasuka, huo mlango bado unafanya kazi. Ndiyo maana ORS inaponya. Mwaka wa 1971 wakati wa vita vya Bangladesh, daktari mmoja Mhindi, Dilip Mahalanabis, alikuwa kwa kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, dripu zikaisha na watu wanalala sakafuni, akaamua kuchanganya chumvi na glukosi kwa maji na kuacha jamaa za wagonjwa wawanyweshe kwa kikombe. Vifo ambavyo vilikuwa kama 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Kikombe na maji yaliyopimwa, basi.

ORS ya sasa, ile Shirika la Afya Duniani ilibadilisha mwaka wa 2002, kwa lita moja ina sodiamu milimoli 75 na glukosi milimoli 75. Ona hapo, sawa kwa sawa. Glukosi yenyewe ni gramu 13.5 tu. Ina potasiamu pia, madini mengine ambayo mwili unahitaji, maana hiyo inatoka sana mtu akiendesha, na ina sitrati ya kurekebisha asidi ya damu.

Sasa linganisha na kile kikombe chetu. Vijiko vinne vya kujaa ni kama gramu 20 kwa robo lita, yaani kama gramu 80 kwa lita, na chumvi hakuna hata chembe. Sukari yote hiyo inafika kwa utumbo, mlango unachukua kidogo kwa sababu mwenzake sodiamu hayuko wa kutosha, inayobaki inakaa pale ikivuta maji kutoka kwa damu kuyaleta utumboni, na yanatoka nje. Ndivyo tulivyomfanyia yule mtoto. Tulidhani tunamwekea maji kumbe tunamchotea.

Glukosi si kitu kibaya. Mtu wa kisukari ambaye sukari imeshuka, anatetemeka na jasho baridi linamtoka, akiwa bado ana fahamu ya kumeza, glukosi ndiyo inamfaa na inafanya kazi haraka. Lakini kwa kuendesha, hapana. Na wewe wa duka la dawa ukisoma hii, tafadhali, kama ORS imeisha mwambie mtu imeisha umwelekeze duka lingine.

Kuhusu kukoroga: pakiti nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita moja, soma kabla hujakata. Ukiweka pakiti ya lita moja kwa nusu lita umeleta chumvi mara mbili, na kwa mtoto hiyo ni hatari kabisa, na ukiongeza maji zaidi ili "isiwe kali" umeipunguzia nguvu. Usiongeze sukari ili iwe tamu. Maji yawe safi, yaliyochemshwa yakapoa. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Mtoto chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila akienda choo, mkubwa kidogo 100 hadi 200, na akitapika ngoja dakika kumi uanze tena polepole. Zinki pia, siku 10 hadi 14, hiyo watakupatia kliniki na wakuambie kipimo.

Kama ni usiku na maduka yamefungwa kuna ile ya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu kwa kisu si vya kurundika. Haina potasiamu kwa hivyo haifikii pakiti, na mkono ukiteleza kwa chumvi umeharibu, ndiyo maana mimi naiita ya kushikilia mpaka asubuhi. Uji mwepesi wenye chumvi kidogo pia unasaidia, na ukiniuliza kati ya uji na glukosi tupu kwa mtoto anayeendesha, uji mara mia.

Soda, na ile tabia ya kuitoa gesi

Tumelelewa hivi, mgonjwa analetewa soda. Unaikoroga na kijiko gesi itoke, wengine wanaweka chumvi kidogo, mgonjwa anakunywa polepole. Naelewa inatoka wapi, ni upendo, na mtu mzima ambaye hali chochote akimeza soda kidogo amepata angalau maji na sukari. Lakini kwa anayeendesha hesabu inakataa. Soda ya kola ina zaidi ya gramu 100 za sukari kwa lita, weka kando ya ile 13.5 ya ORS, ni karibu mara nane, na sodiamu yake ni kidogo sana. Ni lile kopo la glukosi tena, limewekwa rangi. Soda moto ama soda baridi haibadilishi kitu hapo, na ile chumvi ya kubahatisha hujui umeweka ngapi.

Baada ya kazi ngumu ya jua ni tofauti kidogo, utumbo wako ni mzima na utaifyonza, lakini itachelewa na bado utahitaji maji.

Enaji drinki na vile vya wanamichezo

Watu wanaviita kitu kimoja na si kimoja. Vya wanamichezo vimetengenezewa jasho: sukari kama gramu 60 kwa lita na sodiamu kidogo, karibu robo hivi ya ile ya ORS. Mtu anakimbia saa mbili, hicho kinamfaa. Mtoto anaendesha, hakimfai, chumvi haitoshi na sukari imezidi.

Enaji ni kafeini na sukari. Kopo dogo la mililita 250 kawaida lina kafeini karibu miligramu 80, kama kikombe cha kahawa, na sukari kiasi cha soda. Ndugu yangu anafanya mjengo upande wa Ruaka na wenzake wengi wanafungua siku na enaji na mkate, halafu wanabeba mawe mpaka saa saba, na ukimuuliza anakwambia inampa nguvu. Kinachofanyika ni kafeini kumfichia uchovu. Kwa jua mtu anayefanya kazi ngumu anaweza kutoa jasho lita nzima kwa saa moja, na hilo jasho ndilo linampoza, likikauka kwa ngozi linaondoka na joto, kwa hivyo maji yakipungua jasho linapungua na joto la mwili linaanza kupanda. Mtu ambaye hasikii amechoka hasimami kivulini. Hilo ndilo linaniogopesha na enaji kuliko hata sukari.

Kwake nimependekeza kitu cha kawaida kabisa, jerikeni la lita tano la maji pale saiti, anywe kila saa kidogo kidogo, na chakula cha saa saba cha kweli. Githeri, ama ugali na mboga yenye chumvi yake, ile chumvi inarudisha iliyotoka na jasho na viazi na maharagwe vinaleta potasiamu. Watu wanasahau kwamba chumvi nyingi tunaipata kwa sahani. Mtu anayekula vizuri hahitaji kununua chumvi ya chupa, maji matupu yanamtosha.

Maji matupu, na jinsi yanaweza kuzidi

Siku ya kawaida, ofisini, kwa duka, kwa matatu, maji ndiyo jibu na sina mengi ya kuongeza. Fuata kiu na uangalie mkojo, njano nyepesi uko sawa, njano iliyokolea kunywa.

Lakini kuna wale wenzangu wa kukimbia msitu wa Karura Jumamosi asubuhi na wale wanaojiandaa na marathoni, hao wameambiwa kunywa kabla hujasikia kiu, kunywa kila kilomita, na hapo ndipo shida. Figo za mtu mzima zinaweza kutoa maji kama lita moja kwa saa hivi, na wakati wa kukimbia mwili bado unatoa vasopresini kwa hivyo hata hiyo lita haitoki yote. Ukimimina zaidi ya hapo sodiamu ya damu inashuka chini ya 135, maji yanaingia ndani ya seli, seli za ubongo zinavimba, unaanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na mtu akidhani umekaukiwa anakupa maji mengine. Kwenye marathoni ya Boston ya 2002 walipima wakimbiaji 488 wakifika mwisho na asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliomaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Hebu fikiria, umekimbia kilomita 42 na umeongeza kilo.

Njia ninayoipenda ni mizani. Jipime kabla na baada, kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Ukikimbia chini ya saa moja maji kwa kiu yako yanatosha. Zaidi ya saa moja na nusu ongeza kitu chenye chumvi, hata ndizi na karanga za chumvi ni sawa. Ukimaliza mzito kuliko ulivyoanza, wiki ijayo punguza.

Na Julai? Ile baridi yetu ya asubuhi inayofanya watu wavae makoti mawili, kiu inapotea na bado unakojoa kila saa. Mishipa ya ngozi inajikaza ili joto lisitoke, damu inasukumwa katikati, mwili unahisi kama damu imezidi na figo zinaachilia maji. Kwa hivyo unapungukiwa maji na hakuna kengele. Chai inafanya kazi nzuri hapo, na hapana, chai haikukaushi, vikombe vya kawaida vya chai ya maziwa vinahesabika kama maji.

Madafu

Siku hizi yako kila mahali mjini, hadi kwa mikokoteni, na kila muuzaji ana maneno yake kwamba ni dripu ya asili. Ni kinywaji kizuri na mimi nayapenda. Yana potasiamu nyingi na sukari ya kiasi, lakini sodiamu ni kidogo, na anayeendesha amepoteza sodiamu zaidi. Kwa hivyo kwa jasho na chakula, sawa, furahia. Kwa kuendesha ORS inayapita. Na mtu mwenye shida ya figo asiyaguse bila daktari, kwa sababu figo mgonjwa hazitoi potasiamu vizuri na ikipanda kwa damu inavuruga mapigo ya moyo. Vivyo hivyo mwenye presha asijizoeze ORS kama juisi, ile ni chumvi, na wa kisukari aulize kabla.

Mtoto akiwa na macho yaliyozama, analegea huwezi kumwamsha vizuri, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ama kuna damu kwa choo, hapo usichague kinywaji, chukua boda uende hospitali na mpe ORS njiani kama anameza.

Yule mtoto sasa ana miaka mitatu na anakimbia kwa korido. Kwa droo yangu ya jikoni kuna pakiti nne za nusu lita, tarehe nimeangalia, na kando yake chupa ya maji ya nusu lita, tupu na safi, ya kupimia.